Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Chake Chake

Assalaam alaykum, ndugu mafundi.

Vikao, safari ya Wete na michango ya misiba mnavijua, sitavirudia. Tuko wanachama 38. Waliotimiza ada ya mwaka ni 14, jumla shilingi 840,000. Waliobaki nusunusu, 310,000.

Nije kwenye lililozua maneno. Mzee wetu, aliyekereza vyuma miaka 41, alituachia mashine yake ya kukerezea, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Mnunuzi wa chuma chakavu akaja na lori. Nilimrudisha mimi, kisha nikatoa 650,000 za mota, mkanda na giya. Inasemwa nimeamua peke yangu. Kamati niliiita mara mbili, mara zote mbili tukawa watatu. Ningemngoja nani, na lori liko mlangoni?

Mashine kuukuu za visiwani humu nyingi zimefungwa kwa bolti za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza: thredi, yaani mitaro ya skrubu, za inchi, pembe ya mtaro digrii 55. Za madukani leo ni za milimita, digrii 60. Ukilazimisha, inashika mizunguko miwili kisha inakula thredi. Msimu mmoja wa karafuu, pampu inayolisha maji boila ya kiwanda cha makonyo, vikonyo vya karafuu, ilisimama, shafti imelika. Mzee hakungoja spea ya ng'ambo. Aliijaza kwa weldingi, akaiacha ipoe, akaikereza hadi ikaingia kwenye beringi, kisha bolti zake pia akazikata mwenyewe. Taa nilimshikia mimi, usiku kucha. Kulipokucha boila ilikuwa na mvuke.

Na giya hiyo mnayoilalamikia ina meno 127. Skrubu ndefu inayosukuma kisu cha mashine yetu ni ya inchi, na inchi moja ni milimita 25.4; mara tano yake ndiyo 127. Bila meno 127 hupati thredi ya milimita iliyo kamili, unapata ya kukisia. Sasa tunakata zote mbili. Kama si mimi, leo ingekuwa imeshayeyushwa.

Jengine linaniuma. Siku ya mafunzo mzee alitoka Mkoani kwa gari ya abiria, saa mbili asubuhi yupo. Tulimpokea watu wanne. Alifundisha hivyo hivyo mpaka adhuhuri, na mimi nilikosa pa kuuweka uso.

Mwakani, inshaallah, tutatafuta banda kubwa zaidi na vijana wa kujifunza, na mfadhili akijaaliwa. Mshika fedha amekaa mlangoni, kitabu cha risiti anacho.