Salamu za Idi: Tusirudi kwenye Bora Liende

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu wa Mombasa, wa kisiwani, wa Likoni, Kisauni na Changamwe, pamoja na jamaa zetu mnaokula Idi mbali na nyumbani. Minal aidina walfaizina. Mwenyezi Mungu azipokee saumu zetu, na wale tuliofuturu nao mwaka jana ambao mwaka huu wametutangulia, awarehemu na awape makao mema.

Mwezi mzima tumeishi maisha ambayo, katika Shaabani, kabla ya Ramadhani kuingia, wengi wetu tungeapa kuwa hatuyawezi. Asiyeamka alfajiri mpaka avutwe shuka aliamka kula daku. Aliyepitwa na mwaka bila ya kumaliza juzuu moja alihitimu msahafu. Na majirani waliokuwa wakipishana kimya walipelekeana sahani za kaimati kabla ya adhana ya magharibi. Nguvu hizo zilikuwamo ndani yetu siku zote, ila tulikuwa tumeridhika na bora liende, yaani kufanya kazi kiasi cha kutogombezwa, kuwatazama wazazi kiasi cha kutolaumiwa, na kuswali kiasi cha kutohesabiwa miongoni mwa walioacha.

Maisha yaliyotukuka, nionavyo mimi, hayangojei cheo wala mali. Dini yetu imeyapa jina, nalo ni ihsani, yaani kulifanya kila jambo kwa uzuri na ukamilifu wake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameiandika ihsani katika kila kitu: hata katika kupima mchele pale sokoni Marikiti, hata katika kusahihisha daftari la mtoto wa mwenzio.

Mtaani kwetu, Mji wa Kale, yuko mama anayedarizi kofia za mkono, kazi ambayo kofia moja huweza kumla miezi. Siku chache kabla ya Idi nilimkuta akifumua safu nzima kwa sababu tundu moja lilikwenda upande. Nikamwuliza, "Bi mkubwa, nani ataliona?" Akanijibu bila ya kuinua uso, "Mimi nimeshaliona, mwanangu." Tangu siku hiyo, kila nikimaliza kazi yangu naiona sindano yake, na nimelazimika kuyarudia mambo ambayo zamani ningeyaacha yapite kwa kuwa hakuna wa kunihoji.

Mji wetu umewahi kuwaona watu wa namna hii katika mambo makubwa pia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa hapa Mombasa mwaka 1891, angeweza kutosheka na heshima ya ukoo wake na darsa za wanafunzi wachache, na hapana ambaye angemnyoshea kidole. Badala yake alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akaandika kwa Kiswahili ili asiyejua Kiarabu naye afikiwe, akiwahimiza watu wake watafute elimu na wazinduke. Baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, lakini kazi ile ya kalamu aliianza kabla ya cheo hicho.

Hofu yangu, basi, ni Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani. Misikiti iliyofurika wakati wa tarawehe hubaki na safu chache, na sahani zilizokuwa zikivuka vichochoro hurudi kabatini. Sisemi kwamba tuibebe Ramadhani nzima mwaka mzima, kwa kuwa tumefundishwa kuwa amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa ndogo. Naomba tu kila mmoja wetu achague jambo moja kati ya yale aliyoyaweza mwezi huu, asiliache, na alifanye kwa ukamilifu wake wote. Mimi nimechagua kwenda kumwona mama yangu kila siku baada ya laasiri, nikae naye bila ya haraka, kama tulivyokuwa tukikaa kungoja futari.

Mtakapopita kutupa mkono wa Idi mtakuta kahawa na halua, na nitafurahi mno mkinieleza lenu. Idi Mubarak kwenu nyote na watoto wenu.