Barua kwa mwanangu: kabla hujamwandikisha mtoto Gredi ya 7

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hizo shule tatu za Mtwapa unazomchagulia mtoto usizipime kwa wastani wa alama. KJSEA, ule mtihani wa kitaifa wa mwisho wa Gredi ya 9, imeanza kufanywa mwaka 2025 tu, na wastani huonyesha zaidi ni watoto gani walioingia shuleni kuliko walivyofundishwa. Anza na walimu.

Sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, ina masomo 9, na kila darasa lina vipindi 40 kwa wiki. Shule yenye mkondo mmoja, yaani darasa moja tu katika kila Gredi ya 7, 8 na 9, ina vipindi 120 vya kufundishwa. Walimu wakiwa 3, kila mmoja anabeba 40, yaani hana nafasi ya kusahihisha wala kuvuta pumzi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Hapo vipindi huliwa, na vya ufundi na sanaa ndivyo hutangulia. Wakiwa 5, kila mmoja ana 24. Tena mwalimu wa sekondari husomea masomo mawili, kwa hivyo 5 ndio wachache kabisa wanaoweza kugawana yale 9 bila mwalimu wa Kiswahili na Historia kusukumiwa Hisabati. Uliza kila mmoja kasomea nini, na wangapi ni wanagenzi wa mkataba. Na kwa kuwa sekondari msingi iko ndani ya ua wa shule ya msingi, hakikisha hawakukuhesabia na walimu wa madarasa ya chini.

Nenda Jumanne au Jumatano saa nne asubuhi, si siku ya wazazi. Soma ratiba iliyo ukutani, kisha utazame kama somo hilo ndilo linalofundishwa saa hiyo. Omba daftari la Sayansi la mtoto wa Gredi ya 8. Sayansi ina vipindi 5 kwa wiki. Ukiona tarehe mbili tu katika wiki, umeshajibiwa. Madaftari matatu yakiwa na matokeo ya jaribio kwa maneno yale yale, yalinakiliwa ubaoni. Usibabaishwe na maabara yenye kufuli; sanduku la bika (vikombe vya maabara), kipimajoto na karatasi za litmasi za kupimia asidi lililochakaa kwa kutumika lina faida zaidi.

Jambo ambalo wazazi wengi hulipuuza ni tathmini za shuleni. Katika alama za kwenda Gredi ya 10, KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, ni asilimia 20, tathmini za Gredi ya 7 na 8 ni 20, na KJSEA ni 60. Shule inayofanya kazi za mradi ovyo inampunguzia mtoto alama miaka miwili kabla ya mtihani. Omba waonyeshe kazi zilizohifadhiwa.

Ingia na vyoo vya wasichana. Kipimo ni tundu moja kwa wasichana 25. Angalia komeo, maji na pipa la sodo. Pasipo hayo, msichana hujizuia kunywa maji kutwa, na joto la kwetu unalijua.

Ile shule ya ng'ambo ya barabara ya Malindi, itembelee saa kumi na mbili na nusu asubuhi, malori yakipita, uone mtoto atavukaje, ndipo uamue.

Ukimhamisha, beba cheti cha kuzaliwa na namba yake ya tathmini ya KNEC, lile baraza la mitihani. Jina lisomeke sawa herufi kwa herufi katika vyote viwili, maana kurekebisha baadaye ni safari nyingi za ofisini.

Nibusie mjukuu wangu.

Mamako