Ufunguo wa Kabati la Skuli

Bwana Mhariri,

Nasoma gazeti lako tangu siku nilizokuwa nafundisha na sijawahi kukuandikia hata mstari, lakini ile habari yenu ya watoto wa skuli ya msingi hapa Pemba waliotengeneza muziki kwa ndizi na nyaya imenilazimisha kutafuta kalamu.

Kifaa mlichokipiga picha kinaitwa Makey Makey, kilizinduliwa Marekani mwaka 2012, na siri yake ni ndogo: mtoto akishika waya kwa mkono mmoja na kuigusa ndizi kwa mkono wa pili, umeme hafifu mno hupita mwilini mwake, kompyuta ikadhani kitufe kimebonyezwa, ikatoa mlio. Nilialikwa siku ya mwisho ya wageni waliokileta skuli, na watoto waliposhikana mikono wakawa waya mmoja, nilicheka pamoja nao. Mwandishi wenu hakusubiri yaliyofuata.

Wageni waliondoka wakaacha boksi moja, nalo likatiwa kabatini. Mjukuu wangu wa darasa la tano akakaa barazani wiki nzima, akitoboa vifuu, akitunga vizibo vya soda kwenye uzi wa mshipi na kutia mchele wa bibi yake katika makopo ya maziwa, kisha akavifunga chini ya mbao tatu alizozilaza juu ya vipande vya godoro, kila ubao na mlio wake, ili atakayepita juu yake awe ndiye mpigaji. Alivibeba skuli kwa mikokoteni miwili ya wenzake. Mwalimu akavitia stoo kwa kosa la kelele na mtoto akasimamishwa mbele ya mstari, katika kisiwa hiki hiki ambacho ngoma ya msewe imepata jina kwa vitu vinavyofungwa miguuni, mchezaji akikanyaga navyo vilie! Angeleta ndizi, labda angepigwa picha.

Kabati hilo, kwa taarifa yako, ndilo linalofungia mipira ya michango yetu wazazi, na vitabu vya hadithi ambavyo mchwa wamevimaliza kabla ya wanafunzi. Kila ukiuliza, mwenye ufunguo yuko semina Unguja.

Napendekeza ufunguo huo wapewe darasa la tano kila Alkhamisi baada ya kipindi cha mwisho, na mbao za mjukuu wangu zilazwe chini ya lile rimu la gari linalogongwa kama kengele, ambalo hadi leo halijasimamishwa mstarini kwa kelele zake.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba