"Arudi baada ya miezi 3"

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mstaafu, miaka 31 nimekaa masjala ya hospitali moja hapa Dar, pale wagonjwa wanapopaita dirisha la mafaili, na natype kwa simu kwa hiyo mkiona herufi zimerukana mnivumilie.

Nimesoma makala yenu ya Jumapili ya yule daktari bingwa wa utumbo mpana aliyestaafu. Nimeisoma mara mbili. Tumeambiwa alichunga ng'ombe, alienda shule pekupeku, akapata skolashipu, ana shahada hizi na hizi, kuna oparesheni moja alisimama saa tisa bila kukaa, na mkewe anasema nyumbani ni mtu wa utani sana. Sawa, vizuri. Halafu kuhusu utafiti, kazi iliyomla nusu ya maisha yake, kuna sentensi moja tu: "pia amechapisha tafiti nyingi." Nyingi za nini? Aliuliza nini, akakuta nini, wapi alikosea? Ni sawa na kumwandika fundi jahazi ukasifia shoka lake wee, usiulize kama jahazi lilifika Zanzibar.

Mimi si daktari, nilichosomea ni utunzaji wa kumbukumbu. Ila mwaka 2021, nikiwa nakaribia kustaafu, alikuja dirishani kijana mmoja daktari anasomea ubingwa wa upasuaji, anatafuta mafaili ya wagonjwa wote waliofanyiwa oparesheni ya kansa ya utumbo wa mwisho kabisa, ule wanaouita rektamu, kwa miaka kadhaa iliyopita. Kibali cha utafiti anacho, kimegongwa mihuri yote. Orodha ya majina ameitoa kwenye rejista ya thieta, kaiandika kwa mkono. Nikamwambia dokta kaa kwenye benchi, hii si kazi ya leo. Na kweli, ilituchukua miezi. Mafaili tuliyoyapata hayakufika hata nusu ya orodha, mengine yalipanda juu ya shelfu yakaliwa na mchwa, mengine mtu kabadilishiwa namba kwa sababu alisahau kadi akafunguliwa faili jipya, kwa hiyo mtu mmoja anakuwa watu watatu. Na wale waliopelekwa kwenye mionzi hospitali nyingine wakapewa namba nyingine huko, hizi mbili hazijuani.

Lakini kilichonikaa moyoni ni yale tuliyoyapata. Karibu kila faili linaishia sehemu moja. Oparesheni imeandikwa vizuri, majibu ya kinyama kutoka maabara yamebanwa kwa pini, mgonjwa kakaa wodini siku kadhaa, karuhusiwa, halafu mstari wa mwisho: "arudi baada ya miezi 3." Basi. Chini yake karatasi nyeupe. Nikamuuliza, sasa huyu alipona? Akasema mzee wangu hapo ndo penye utafiti wenyewe, maana sisi tuliomkata tunajiambia kapona kwa sababu hakurudi, kumbe mtu anaweza asirudi kwa sababu amekufa, au hana nauli, au kaona hatuna la kumsaidia akaenda kwa mganga.

Tukiwa tunapangusa vumbi alikuwa ananihadithia, na ndo nilipojifunza daktari wa utumbo anatafiti nini. Kuna Mwingereza anaitwa Bill Heald, hakuwa kwenye chuo kikubwa London, alikuwa hospitali ya wilaya kwenye mji wa Basingstoke. Enzi hizo mtu anakatwa kansa ya rektamu, anashonwa vizuri, baada ya mwaka au miwili uvimbe unaota tena palepale kwenye nyonga, na maumivu yake naambiwa hayasemeki. Sehemu nyingi ilikuwa kawaida kukuta watu 20 au 30 kwa kila 100 wamerudiwa hivyo. Wakubwa wakasema ndo ugonjwa ulivyo. Heald akasema hapana, labda ni mkono wetu. Mwaka 1982 yeye na wenzake wakaandika kwamba yale mafuta yanayouzunguka utumbo ule kama blanketi, mesorektamu, yanabeba mbegu ndogo ndogo za kansa sentimita kadhaa chini ya pale jicho linapoona uvimbe umeishia. Aliwaonyesha wagonjwa wangapi? Watano. Watano tu! Oparesheni ya kawaida ilikuwa inayaacha mafuta mengi humohumo ndani, kwa hiyo yeye akawa anayatoa yote pamoja na utumbo wake, kifurushi kizima kisichochanika, kwa kufuata mpaka wa asili uliopo hapo katikati bila kurarua.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo mwandishi wenu alipaswa kufika. Kukata hivyo peke yake kusingemfanya mtu amwamini. Kwenye andiko lilelile la 1982 alikuwa tayari na wagonjwa 50 waliofuatwa zaidi ya miaka 2 na hakuna hata mmoja aliyerudiwa pale nyongani. Akaendelea kuwafuata. 1986 akatoa andiko lingine kwenye jarida la Lancet, wagonjwa 115, baada ya miaka 5 waliorudiwa ni asilimia 3.7. Watu wakabisha, wengine wakasema anachagua wagonjwa wepesi. Mwaka uleule mpatholojia wa Leeds, yaani daktari wa maabara anayechunguza vinyama, Philip Quirke, naye akawa anavikata vipande vilivyotolewa kwa upana mzima na kuangalia pembeni, akakuta kansa iliyoachwa kwenye ukingo wa pembeni ndo inayorudi. Yaani mmoja yuko thieta mwingine yuko maabara na wanasema kitu kimoja. Baada ya hapo Heald akawa anasafiri, anaenda Sweden anafanya oparesheni madaktari wenzake wanatazama wanajifunza. Waholanzi wao wakawafundisha kwanza madaktari wao namna hiyo ya kukata, wakawaingiza wagonjwa 1,861 kwenye utafiti, wakatoa majibu 2001: ukipewa mionzi kwa wiki moja kabla ya oparesheni, baada ya miaka 2 waliorudiwa ni asilimia 2.4, bila mionzi 8.2. Hata hiyo 8.2 ya kisu peke yake, linganisha na ile 20 na 30 ya zamani.

Dokta wangu akasema, mzee unajua nani aliifanya hiyo kazi? Nikasema Heald. Akasema na mtu wa mafaili. Nikacheka lakini niliipenda.

Na huyo wa Basingstoke siye peke yake. Hapa jirani Kampala alikuwepo daktari mpasuaji Denis Burkitt, ana jicho moja, mwaka 1961 akapanda gari na wenzake wawili wakaenda maili 10,000 kwa wiki 10, wakapita na huku kwetu Tanganyika mpaka Afrika Kusini, hospitali kwa hospitali swali ni lilelile, je mnawaona watoto wenye uvimbe huu wa taya? Ule uvimbe sasa unaitwa kwa jina lake, Burkitt. Baadaye akaja kwenye utumbo, akawa anapima kinyesi, ndio, anakipima kwenye mizani, na kuhesabu chakula kinachukua saa ngapi kutoka mdomoni mpaka chooni. Wanakijiji wa Uganda ilikuwa kama siku moja na nusu, wanafunzi wa bweni Uingereza siku tatu hivi. Akasema tofauti ni makapi ya kwenye nafaka, Waingereza wameyakoboa. Waliokuja baadaye wamembishia sehemu na kumkubali sehemu, na mimi nina langu: aliposema kansa hii ya utumbo kwa Waafrika ni nadra, nadra kwa rejista ya nani? Kama hakuna kipimo cha kamera na faili limeliwa na mchwa, kila ugonjwa utakuwa nadra. Ila toka nihadithiwe, nyumbani kwangu tumeacha sembe tunakula dona, wajukuu wananuna.

Turudi kwenye orodha yetu. Mafaili yalipoisha tukaanza kupiga simu, jioni, yeye simu yake mimi simu yangu, vocha za mfukoni. Laini nyingi hazipo, zingine zilifungwa ile Januari 2020 kwenye usajili wa alama za vidole, zingine anapokea mtu mwingine kabisa anadhani mnataka kumtapeli, na siwalaumu. Ifakara akapokea mtoto akasema bibi alishafariki, akamwita mama yake, mama yule akatuhadithia kwa utulivu kabisa siku za mwisho za bibi kwa karibu nusu saa, akamaliza kwa kutushukuru kwamba kuna mtu kauliza. Dokta aliandika kila kitu. Baadaye akaenda nje kwenye kibaraza akakaa. Mzee mmoja wa Mbezi alikuwa mzima ila alikataa kurudi kliniki kwa sababu ya mfuko wa kinyesi uliobandikwa tumboni, anasema kwenye daladala watu wanageuka, na hakuna aliyemwambia kuna namna ya kuufunga vizuri. Hilo nalo ni jibu la utafiti, kwenye faili halikuwepo.

Kwa hiyo Mhariri mimi naomba vitu viwili tu. Ninyi, mkienda tena kwa daktari wa namna hii, msimhesabie oparesheni wala machapisho, muulizeni wagonjwa wako wa miaka 5 iliyopita wako wapi na umejuaje. Akitabasamu akasema sijui, andikeni hivyohivyo, ni jibu la kweli na halimdhalilishi, maana kosa si lake peke yake. Na wenye hospitali, mnaponunua mashine mpya mkakata utepe, tafadhali muwekeni na mtu mmoja kwenye kila idara ya upasuaji, kazi yake ni simu na daftari. Mshahara wa kawaida tu. Siku hizi mafaili yanaingizwa kwenye kompyuta, nashukuru, lakini kompyuta nayo inaandika "arudi baada ya miezi 3" na inanyamaza vilevile.

Dokta alimaliza, akafaulu, kapangiwa mkoani mbali, na namba yake aliyokuwa nayo haipatikani. Mimi nikastaafu. Ila kuna mama mmoja wa Mkuranga, muuza nazi, alikuwa kwenye orodha ile, na kwa bahati yeye nilimpigia kwa simu yangu mimi. Huyu toka siku hiyo kila baada ya miezi michache ananipigia mwenyewe. "Shikamoo baba, mwambie daktari nipo, nakula, sitoki damu." Juzi kapiga tena, mwaka wake wa tisa toka akatwe. Nimeandika tarehe nyuma ya kalenda, pamoja na zile nyingine, na sina wa kumpelekea.

Mstaafu wa masjala,
Mbagala, Dar es Salaam