Barua kwa binti yangu anayesoma sheria

Mwanangu mpenzi,

Natumai u mzima. Huku hatujambo, baba yako anakusalimu na mguu wake umepata nafuu.

Maneno yako ya Jumapili hayajanitoka. Ulinieleza somo la sheria za Kirumi kwa furaha mpaka nami nikafurahi: mikataba, urithi, haki ya kukata rufaa. Kisha ukasema ukatili wa Roma ulikuwa wa makabwela waliojazana katika uwanja wa Colosseum kutazama damu, na kwamba wasomi ndio walioubeba ustaarabu. Hapo nikakwama, mama. Nimefundisha historia miaka mingi, siwezi kuliacha hilo lipite.

Mwaka 61 baada ya Kristo, Pedanius Secundus, mkuu wa jiji la Roma, aliuawa na mtumwa wake mwenyewe. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anataja sababu mbili: ama bwana alikubali bei ya kumwacha huru kisha akamgeuka, ama waligombea mpenzi. Desturi ya kale iliagiza kwamba bwana akiuawa hivyo, watumwa wote waliokuwa chini ya paa lile wauawe. Pedanius alikuwa nao 400. Nyumba kubwa kama ile ilikuwa na wapishi, makarani, mabawabu, wasusi, wayaya, na watoto waliozaliwa humo humo utumwani.

Watu wa kawaida walikusanyika kupinga, nusura iwe ghasia. Ndani ya Seneti, baraza kuu la Roma, aliyesimama kutetea mauaji alikuwa Gaius Cassius Longinus, mwanasheria mashuhuri kuliko karibu wote wa zama zake. Bila shaka umekwisha kukutana na jina lake katika Digesta, ule mkusanyiko wa maandishi ya wanasheria wa Kirumi uliokusanywa kwa amri ya Kaizari Justinian. Isome hotuba yake jinsi Tacitus alivyoiandika, utaona ilivyopangika. Alisema watumwa wa siku hizo wametoka mataifa yenye mila na dini nyingine, na watu wa namna hiyo hawazuiliki ila kwa hofu. Alikiri kwamba wasio na hatia watakufa. Lakini kila adhabu kubwa ya mfano, akasema, ina dhuluma ndani yake, na hasara ya mtu mmojammoja hufidiwa na manufaa ya umma.

Hakuna seneta aliyethubutu kusimama kumjibu. Zilisikika sauti tu za kuwahurumia kwa wingi wao, umri wao, wanawake waliokuwamo. Mwanafalsafa Seneca alikuwa mshauri wa Kaizari Nero wakati huo, na katika miaka iyo hiyo aliandika kwamba watumwa ni watu. Tacitus hamtaji popote katika kikao kile. Jambo hilo huniuma kila nikilisoma, kwa sababu nampenda Seneca.

Waliojaribu kuizuia hukumu ni wale makabwela. Walikuja na mawe na mienge ya moto. Nero akawakemea kwa tangazo, akapanga askari njia nzima, na wale 400 wakapitishwa katikati yao kwenda kuuawa.

Usidhani ni kisa cha siku moja. Fungua Digesta, kitabu cha 29, sehemu ya tano. Utakuta maandishi ya Hadrian, mfalme aliyesifiwa sana kwa elimu yake. Mjakazi alikuwa chumba kimoja na bibi yake, muuaji akaingia, akamtisha kwamba akipiga kelele atamuua. Akanyamaza. Hadrian akaandika kwamba hata kama hakuweza kusaidia kwa mwili wake, angeweza kulia kwa sauti majirani wasikie, na kile kitisho chenyewe kinathibitisha kwamba angeweza kupiga kelele. Basi auawe, watumwa wengine wasije wakafikiri kujiokoa kwanza. Ni hoja iliyonyooka, nawe unayejifunza hoja utaiona ilivyofungwa vizuri. Jina la mjakazi halikuandikwa.

Ukija likizo, njoo na kitabu. Nataka tukisome kifungu hicho pamoja, mimi na wewe, barazani.

Mama yako akupendaye