Mtafiti wa fasihi asipimwe kwa hesabu ya kunukuliwa peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linalowagusa wahadhiri na wanafunzi wa fasihi hapa Unguja na Pemba. Siku hizi mtafiti akiomba kazi, ruzuku au kupandishwa cheo, suali la mwanzo huwa: kazi zake zimenukuliwa mara ngapi? Mtu hufungua Google Scholar, mtandao wa kutafutia kazi za kitaaluma, akatazama tarakimu zilizo kando ya jina, na mara nyingi uamuzi huwa umeshapatikana hapo, hata ukurasa mmoja wa kazi yenyewe haujasomwa.

Tarakimu inayotazamwa zaidi ni fahirisi ya h, iliyobuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, fahirisi yako ni 10. Hirsch mwenyewe alitahadharisha kuwa namba moja haiwezi kumweleza mtafiti ila kwa makisio tu, na kwamba taaluma hazilingani. Katika fizikia makala moja huweza kuwa na waandishi mamia. Katika fasihi mtu huandika peke yake, na kitabu kimoja huweza kumla miaka.

Mchukue mtafiti anayefuatilia mashairi ya Kamange na Sarahani wa Pemba. Inambidi aitafute miswada ya hati za Kiarabu iliyobaki majumbani, akae na wazee waliohifadhi beti kwa moyo, kisha alinganishe nakala na nakala mpaka ajue neno gani ni la mshairi na lipi limeingizwa na mnakili. Anapomaliza huandika kwa Kiswahili, maana wasomaji wake wako hapa. Wanaomnukuu ni wanafunzi wetu, ndani ya tasnifu zilizojaladiwa na kufungiwa kabatini. Manukuu yapo, tena ya watu walioisoma kazi kwa makini, lakini hakuna mashine inayoyaona. Kanzidata kama Scopus huhesabu yale tu yanayotoka kwenye machapisho iliyoyaorodhesha yenyewe, na ya Kiswahili humo ni machache mno.

Kuna na tatizo la majina, ambalo huko nje halifikiriwi kabisa. Sisi hujiita kwa jina letu, la baba na la babu. Mashine hulichukua la babu ikalifanya ndilo jina la mwandishi. Leo limeandikwa Khamis, kesho Hamis. Hapa Mohamed, pale Muhammed. Mtu mmoja akagawika watu watatu, kila mmoja na manukuu yake kidogo.

Sisemi wasomi wetu wasiulizwe wamefanya nini. Aliyekaa miaka bila ya kuandika kitu aulizwe, tena kwa ukali, kwani analipwa fedha za umma. Ninalolipinga ni kumhukumu mtu kwa namba asiyokuwa na uwezo nayo. Wala si mimi wa kwanza kusema. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilitaka utafiti upimwe kwa ubora wake wenyewe, si kwa namba inayopewa jarida ulimochapishwa. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 ikaeleza wazi kwamba utafiti bora unaohusu jamii ya mahali fulani ulindwe. Ushairi wa Pemba hauingii hapo?

Kwa hiyo naviomba vyuo vyetu mambo mawili. Kamati za kupandisha vyeo ziwe na msomi wa fasihi aliyezisoma kazi mbili tatu za mwombaji kwa lugha zilizoandikiwa, na aeleze kwa maandishi zimeongeza nini. Pili, tasnifu za fasihi ya Kiswahili ziwekwe kwenye intaneti pamoja na marejeleo yake, waziwazi, ili zisomwe na zihesabiwe. Wahadhiri nao wachague tahajia moja ya jina na wajisajili ORCID, daftari la kimataifa la watafiti, ambako mtafiti hupewa namba yake ya utambulisho ya tarakimu 16 bila ya malipo.

Tasnifu za miaka ya karibuni zimeandikwa kwa kompyuta, nakala zake zipo. Kuanza na hizo hakuhitaji bajeti mpya.

Mwalimu wa Fasihi,
Wete, Pemba