Utulivu wa polisi haujibu dai la waandamanaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo wanaojadili uasi wa raia, yaani kuvunja sheria waziwazi na kwa amani ili kupinga dhuluma, hulipita haraka, nalo ni namna taasisi zinavyoujibu. Mwaka 1962 mjini Albany, jimbo la Georgia, Marekani, mkuu wa polisi Laurie Pritchett aliwazuia askari wake wasiwapige hadharani waandamanaji waliopinga ubaguzi wa rangi, akawakamata kwa mamia na kuwasambaza katika jela za wilaya jirani ili yake isijae. Ubaguzi ukabaki palepale. Mwaka uliofuata, huko Birmingham, jimbo la Alabama, Bull Connor, aliyesimamia polisi na zimamoto wa mji huo, aliwaelekezea waandamanaji, watoto wakiwamo, mbwa na mabomba ya maji ya zimamoto, na picha hizo zikachangia kuzaliwa kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964.

Kwangu mimi, jibu la Albany ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu taasisi inayokamata kwa upole bila kusikiliza husifiwa kuwa ya kistaarabu, ilhali anayevunja sheria waziwazi na kuikubali adhabu haombi kukamatwa vizuri, bali anataka sheria yenyewe ichunguzwe. Waandishi wenu wanaporipoti maandamano yaliyokwisha kwa amani, nawasihi waulize pia dai limejibiwa na nani.

Msomaji wenu